Nilisema Afute Maji

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku imeharibika. Tena haikuharibika yenyewe. Imeharibiwa na watu.

Naandika kila kitu hapa ili ijulikane nani wa kulaumiwa. Nina kazi ya mashati kumi na nane ya wafanyakazi wa hoteli iliyoko mtaa wa pili. Kitambaa cha bluu, kola ngumu, mfuko mmoja. Meneja anayataka Jumatatu ijayo saa tatu asubuhi, kabla wageni wa mkutano hawajafika. Sijawahi kupata kazi kubwa hivi tangu nifungue chumba changu. Vipimo vya wote kumi na nane nilivichukua Alhamisi iliyopita kwa mtindo wangu: utepe mkono huu, simu mkono ule, natamka, simu inarekodi. Mpishi mkuu, kifua hamsini na mbili, tumbo Mungu anajua. Hakuna kalamu. Hakuna daftari.

Daftari ni mambo ya shemeji. Shemeji ni kaka mkubwa wa mke wangu, naye pia ni mshonaji, chumba chake kinatazamana na changu kwenye korido moja. Namwita Milimita. Ndiye aliyenifundisha kazi, kama hiyo ni kufundisha. Miaka sita alinishonesha vifungo! Mwaka jana nikachoka, nikatoka, nikafungua changu na kuandika mlangoni kwa rangi nyekundu: MSHONAJI WA KIDIJITALI. Mashati ya hoteli yalikuwa kazi yake kila mwaka. Nilimwambia meneja kwamba karatasi hupotea, simu haipotezi kitu. Meneja akanipa mimi. Sijaiba. Nimeshinda.

Alhamisi hiyohiyo Milimita akaniuliza, mbele ya mama mkwe, simu ikizima itakuwaje. Aliuliza kwa upole, ndiyo maana damu ikanichemka. Nikasema nikishindwa kazi hii nafunga chumba na kurudi kwake kushona vifungo, na mama ni shahidi. Mama mkwe, ambaye ukimwomba chumvi anakuletea kisu, siku hiyo alisikia kila neno.

Sasa leo. Kitambaa kipya lazima kilowekwe kabla hakijakatwa, ama sivyo shati litasinyaa likifuliwa mara ya kwanza. Nikakiloweka kwenye beseni kubwa. Nikainama kukikandamiza kizame vizuri. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa kifuani. Sikuhisi kitu. Nikanyooka, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi nikasikia simu inaita. Mlio wangu kabisa, lakini unatokea puani, kama mtu mwenye mafua. Nikajua mara moja: Milimita kanunua simu kama yangu na kuiga mlio wangu! Nikasimama mlangoni nikamfokea apokee simu yake au aseme hajui pa kubonyeza. Akaja polepole na miwani yake puani. Akatega sikio. Akasema, shemeji, beseni lako linaita.

Nilipoitoa ilikuwa ya bluu. Kioo kikawaka mara moja, likatokea jina la mke wangu, kikazima. Alikuwa anapiga kunikumbusha ninunue chumvi. Chumvi! Angenyamaza, simu ingetulia kule chini na labda isingeumia.

Milimita hakucheka. Alirudi ndani akaendelea kukanyaga cherehani yake. Nimeisikia ile cherehani. Ilikuwa inacheka.

Muuza vitunguu kasema niianike juani. Kinyozi kasema niitikise. Wote wawili, mmoja baada ya mwingine, wakakubaliana kwamba mchele ndio dawa. Nimeizika kwenye ndoo ya mchele nyumbani. Sijamwambia mtu. Mama mkwe anakaa kwetu mwezi huu kwa sababu ya goti lake, na jambo likiingia sikio lake linatokea mdomoni kwa mwanawe.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nyumba hii haina siri na haina huruma.

Nimeamka nikasikia sauti ya ungo uani. Mama mkwe kaamua leo, kati ya siku zote za mwaka, leo, kupepeta mchele wote wa ndoo. Nikatoka mbio. Nilimwona akirusha mchele juu, akaudaka, akarusha tena, na safari ya tatu kikaruka kitu cheusi, kikapaa juu ya kamba ya nguo, kikagonga ukuta. Mama mkwe akasema mchele wa siku hizi una mawe makubwa.

Nikamwambia ile ni simu yangu. Akauliza kwa nini simu yangu inakula mchele. Mke wangu akatoka na mswaki mdomoni, akaangalia simu, akaniangalia mimi, akaangalia vidole vyangu vya bluu. Aliendelea kupiga mswaki kwa namna fulani ambayo sikuipenda.

Nikaichukua nikaenda nayo kazini. Bado imekufa. Ukiitikisa, punje za mchele zinalia ndani. Nikakaa nikafikiri kama fundi. Kitambaa kikilowa tunafanyaje? Tunakipiga pasi! Ajabu kwamba hakuna aliyewaza. Nikaifunika simu kwa kipande cha kitambaa, nikaweka pasi kwenye moto wa hariri, ambao ni moto wa upole kabisa, nikapitisha. Ikatoka harufu. Nikasema huo ndio unyevu unatoka.

Haukuwa unyevu. Ulikuwa ule mfuniko wa plastiki alioninunulia mke wangu, wenye maua. Umeyeyuka na kugandana na kitambaa. Nikavuta simu, kitambaa kikaja nayo. Kitambaa kile cha bluu kingekuwa mgongo wa shati la mtu! Nikapiga teke kigoda. Kigoda ni cha mti wa mninga. Sasa natembea kwa kisigino.

Milimita akachungulia, akauliza kama nahitaji chochote. Anauliza nini? Anajua nini? Nikamwambia nahitaji faragha. Akasema sawa shemeji, akanifungia mlango taratibu. Huyu mtu atanipasua nyongo.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimekata shauri kwenda kwa fundi simu. Ni yule mama mwenye kibanda cha kioo chini ya ngazi, mwenye taa ndogo ya kufunga kichwani. Nilikuwa sitaki kwenda kwake kwa sababu ni rafiki wa kila mtu.

Aliifungua simu mbele ya foleni nzima. Akatoa uzi wa bluu. Akatoa punje saba za mchele, akazipanga mezani moja moja. Akatoa kitu kingine, akakinusa, akauliza kama niliipiga pasi. Watu kwenye foleni wakageuka. Nikasema hapana, ni joto la hali ya hewa. Akasema niache, nirudi saa kumi.

Saa kumi nikarudi. Jamani, simu inawaka! Karibu nimbusu yule mama. Alikuwa bado anaisafisha kwa brashi na spiriti, kafungua kila kitu. Nilikuwa nimeshika roho mkononi, lakini ilianza kurudi mahali pake.

Hapo ndipo, kupitia kioo cha kibanda, nikamwona meneja wa hoteli kwenye korido, kasimama na Milimita. Wanaongea. Meneja anacheka! Anacheka nini na Milimita, mtu ambaye hajatoa mzaha tangu azaliwe? Nikapandwa na hasira hadi masikio yakaziba. Fundi simu akawa ananiuliza kitu. Akasema simu ni nzito, kuna vitu vingi humu ndani, afute?

Nikasema afute.

Akauliza vyote?

Vyote! Nikamwambia asiache hata chembe. Nikamwambia afute mpaka kwenye pembe. Akauliza mara ya tatu kama nina uhakika, nikamjibu kwamba nimemletea kazi ili anifanyie kazi, sikuja kufanyiwa mtihani. Akaguna, akabonyeza.

Alinikabidhi simu kavu, inang'aa, inanisalimu kwa lugha tano na kuniuliza mimi ni nani. Nikashukuru, nikaondoka kwa kishindo. Nilifika mlango wa kinyozi ndipo nikatafuta zile sauti. Hazipo. Picha hazipo. Majina ya watu hayapo. Hata mama yangu hayupo!

Nikarudi nikiwa nawaka. Nikamwambia yule mama kaniua. Akasema nilisema afute. Nikasema nilisema afute maji! Maji! Mtu mwenye simu iliyolowa akisema futa, anazungumzia nini, historia ya maisha yake? Akasema maji alikuwa ameshayakausha tangu saa nane, sasa angeniuliza maji ya nini tena. Akauliza kama nilihifadhi nakala mahali pengine. Nikasema nakala ya nini, simu si yangu mwenyewe?

Kwenye foleni kulikuwa na mwalimu mstaafu. Hawa hawawezi kunyamaza. Akasema kosa ni la msemaji, kwamba maji hupanguswa au hukaushwa, na vilivyoandikwa ndivyo hufutwa. Nikamuuliza miaka yote ile darasani, ubao alikuwa anaupangusa au anaufuta? Akasema anaufuta. Nikasema ahaa! Akasema ndiyo, na ukifuta ubao, maandishi hubaki?

Foleni ikapiga makofi. Walimpigia yeye.

Sina vipimo. Sina hata kimoja.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Leo nimepigwa kofi nikiwa kazini. Acha nieleze kabla watu hawajaeleza.

Kurudi kwa meneja na kusema vipimo vimepotea haiwezekani. Ni mimi niliyesema simu haipotezi kitu. Angemwita Milimita palepale, na kesho yake ningekuwa nimekaa kwenye kigoda changu cha zamani, natunga uzi kwenye sindano. Kwa hiyo ilibidi nipime watu bila wao kujua kwamba wanapimwa. Nimekaa nikawaza asubuhi nzima, na mpango niliotoka nao ulikuwa mzuri. Narudia, ulikuwa mzuri. Watu ndio hawakuwa wazuri.

Nilichora mistari ya chaki ndani ya mikono yangu yote miwili, kuanzia kwapani hadi kidoleni, kila inchi mstari wake. Nikavaa shati la mikono mirefu lakini nikaikunja. Halafu nikaenda hotelini saa ya chakula cha mchana na kuwaambia nilikuwa mgonjwa mahututi, nimepona, na nimejifunza kuwapenda watu. Nikaanza kuwakumbatia.

Wahudumu wa meza walikubali. Wa kwanza: kukumbatia kamili kasoro vidole vitatu. Wa pili: kukumbatia kamili na mkono kupita hadi kiwiko, mwembamba yule, sijui anakula wapi. Nilikuwa nakumbatia, nageuka pembeni, nasoma chaki, nakariri. Mpishi mkuu mikono haikufika. Nilijaribu mara mbili. Mara ya pili akaanza kulia, akasema hakuna aliyemjali hivi tangu baba yake afariki, naye akanikumbatia. Jikoni kuna joto. Jasho lake na langu likafuta chaki yote ya mkono wa kulia. Futa! Neno hilo linaniandama.

Mlinzi wa getini alidhani naingiza mkono mfukoni mwake. Alinikamata shingo. Nikapata kipimo cha mikono yake kwa njia hiyo.

Wanawake sikuwakumbatia, mimi ni mtu mwenye heshima zangu. Kwao nilitumia akili. Nilisimama mbele ya meza ya dada wa mapokezi, nikafumba jicho moja, nikanyoosha kidole gumba, nikashusha polepole kutoka mabegani. Akauliza nafanya nini. Nikasema nakusalimu. Akauliza kwa jicho moja? Nikasogea kidogo kupata kiuno. Ndipo kofi likaja. Lilikuwa kofi la mtu aliyezoea kugonga mihuri.

Nilitoka na vipimo vya watu kumi na moja. Nilipofika kwenye chumba changu nikavikumbuka vya wanne. Viwili kati ya hivyo vilikuwa vya mtu mmoja.

Kumbe dada wa mapokezi na mke wangu wako kikundi kimoja cha akina mama. Habari ilifika nyumbani kabla yangu, na ilikuwa imenenepa njiani.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mke wangu kaniuliza swali moja tu asubuhi: kwa nini nakumbatia mpishi? Nikasema ni mambo ya kazi. Akakaa chini. Akasema nianze mwanzo. Nikamweleza yote, beseni, pasi, futa. Nilitegemea machozi au angalau pole. Akasema jambo dogo kabisa: vuka korido, mwombe kaka daftari lake, watu ni walewale aliowapima mwaka jana.

Nikamwambia afadhali nishone kwa meno. Nikamwambia anataka kunidhalilisha. Akasema kazi hiyo naifanya vizuri mwenyewe, hahitaji kunisaidia. Tukatupiana maneno hadi mama mkwe akapunguza redio ili asikie vizuri. Halafu mke wangu akatulia ghafla na kusema kwamba chumba kile kikifungwa, si mimi peke yangu nitakayekuwa nimekipoteza, na kwamba yeye ndiye aliyepaka ile rangi nyekundu mlangoni, juu ya ngazi, akiwa na homa. Akaondoka. Nachukia sana mtu akisema jambo halafu anaondoka.

Lakini wazo la daftari si baya. Kuomba ndiko kubaya.

Saa saba Milimita hufunga kazi na kwenda kula, dakika arobaini, unaweza kurekebisha saa ya ukutani kwa kumtazama yeye. Nikavuka korido kwa vidole vya miguu, kile kibovu kikiuma. Mlango hafungi kwa ufunguo. Kiburi hicho! Daftari lipo palepale kwenye droo ya cherehani. Nikalifungua, nikaona "Hoteli". Nikaanza kunakili kiganjani haraka haraka.

Nilipoinua kichwa, mama mkwe kakaa kwenye kona nyuma ya mlango, mguu wenye goti juu ya stuli. Alikuja kumletea mwanawe chakula, wakapishana. Tukatazamana. Akasema, karibu baba. Nikasema asante mama. Nikatoka.

Sasa niko chumbani kwangu na kiganja kimejaa. Kinasema hivi. Mpishi mkuu: K 52, K 54, K 18, K 24. Dada wa mapokezi: K 36, K 30, K 14, K 17. Kila mtu K nne!

K ni kifua. Sawa. K ni kiuno. K ya tatu ni kwapa, nadhani. K ya mwisho ni kola. Mtu gani mwenye akili timamu anaandika hivi? Miaka sita nimekaa kwenye chumba kile sikuwahi kuonyeshwa daftari, vifungo tu, vifungo. Amefanya makusudi. Ameandika mtego huu mwaka mzima kabla, akijua nitakuja kuiba.

Haidhuru. Mimi ni fundi. Najua mwili wa mtu. Nitakata.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimekata mawili kwanza, la mpishi na la dada. Nikayashona hadi saa tano asubuhi. Nikamwita mke wangu ajaribu lile la dada kwa sababu wanalingana umbo, na mimi nikavaa la mpishi juu ya mto.

Kola yangu ilishuka hadi begani. Vichwa viwili vingepita na bado pangekuwa na nafasi ya kupumulia. Lakini mikono haikuingia kabisa. Kwapa lilinikaba kama shati la mtoto. Mke wangu aliweza kuingiza mkono mmoja, wa pili ukakwama juu, akawa amesimama kama anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Mama mkwe akacheka hadi akashika goti. Akasema afadhali mawe yale ya kwenye mchele.

Nikatupa mkasi chini. Nikasema sishoni tena. Nikasema dunia nzima imenichoka nami nimeichoka, wafunge chumba, waandike vifungo kwenye kaburi langu. Nikakaa sakafuni juu ya vipande vya bluu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Niliona kile kigoda cha zamani, niliona nikiwa na miaka sitini nimekaa pale, bado nashona vifungo.

Mke wangu, mkono bado uko juu, akavuka korido vilevile alivyo.

Milimita akaja na daftari, utepe na mkasi wake mwenyewe. Hakucheka. Ingekuwa bora angecheka. Akasoma, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma ratiba: kifua, kiuno, kola, kwapa, huanza na kiwiliwili na kumaliza na mikono, kwa hiyo kola inatangulia kwapa. Nikasema hiyo haina mantiki. Akasema sawa, akaanza kukata.

Nikamuuliza anafaidika nini. Nilitaka nimkamate. Akafikiri kidogo, akasema hajalala vizuri tangu Alhamisi ile niliposema nikishindwa nitarudi kwake.

Mke wangu akaficha uso kwenye kitambaa. Sijui alikuwa anafanya nini humo.

Wafanyakazi wawili ni wapya, hawamo kwenye daftari. Nikasema basi tumekwisha. Milimita akachukua utepe, akavaa kofia, akaenda hotelini. Baada ya nusu saa akarudi na vipimo vyao. Nikamuuliza aliwaambia nini. Akasema aliwaambia nyoosha mikono.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Tumeshona. Mimi mikono na pindo, yeye kola, mke wangu vifungo. Mama mkwe alisimamia na kuimba. Kitambaa hakikutosha kwa sababu ya kile kipande kilichogandana na simu na yale mashati mawili ya jana, Milimita akaenda chumbani kwake akatoa kipande cha bluu ileile. Alikuwa nacho tangu mwaka jana. Mtu anayeweka vipande mwaka mzima ana jambo.

Tumemaliza jua halijazama. Mgongo unauma. Hakuna aliyesema fundi kafanya kazi nzuri.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Ushindi!

Saa tatu kasoro nilikuwa hotelini, Milimita nyuma yangu kabeba nusu ya mashati kwa sababu kidole cha mguu hakiniruhusu mzigo. Watu wakavaa palepale. Kumi na nane, wote, hakuna hata shati moja la kurudisha. Mpishi mkuu akafunga kifungo cha mwisho bila kuvuta pumzi, akaja kunikumbatia. Nikakwepa. Dada wa mapokezi akalivaa lake, akajitazama kwenye kioo, akasema limekaa. Hakuomba radhi kwa lile kofi, lakini nilimwona machoni.

Meneja akanizunguka, akavuta kola za watu, akapima mabega kwa macho. Akasema hajaona mashati yaliyokaa hivi. Akauliza nimewezaje. Niliona kila mtu ananiangalia, hata mlinzi wa getini alikuwa kachungulia.

Nikatoa simu mfukoni, nikaiinua juu. Nikasema, kidijitali.

Wakapiga makofi. Meneja akamgeukia Milimita, ambaye alikuwa bado kashika hanga sita za nguo, akamwambia mzee, umeona? Jifunze kwa hawa vijana. Milimita akasema ameona. Akaweka hanga mezani, akaondoka kwenda kufungua chumba chake.

Kazi ya mwaka kesho nimepewa mimi. Chumba ni changu. Mlango wangu mwekundu uko palepale.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Furaha ya watu wengine ni ngumu kwa mke wangu. Tangu jana hanisemeshi. Chai aliimimina kwenye kikombe changu bila kuangalia kikombe. Mama mkwe alimsimulia yote, pamoja na hanga sita, na mama mkwe alisimuliwa na dada wa mapokezi, na dada wa mapokezi, nina hakika, aliongeza chumvi.

Asubuhi hii kazungumza. Kasema ataniambia mara moja tu. Nivuke ile korido, nimwendee kaka yake, nimwambie neno moja. Nikauliza neno gani. Kasema nalijua, na nisirudi nyumbani kula kabla sijalisema. Nimekasirika sana. Neno moja, neno moja! Kana kwamba mimi nimeshindwa maneno.

Nimekwenda kazini. Nimekaa chumbani kwangu saa nzima nikimtazama Milimita akikanyaga cherehani. Nimejaribu neno hilo mdomoni. Halitoki. Nimelijaribu mbele ya kioo cha wateja, likatoka nusu. Kila nikianza nakumbuka ile miaka sita ya vifungo, nakumbuka K nne, nakumbuka alivyosema beseni lako linaita kwa ile sauti ya upole, nakumbuka alivyokwenda kuwaambia watu wanyooshe mikono baada ya mimi kukumbatia jiko zima. Kama angetaka kunisaidia, kwa nini hakusema mapema? Kwa nini alisubiri mpaka nikae sakafuni? Nimefikiri vizuri, bila hasira, na nimeona kwamba katika jambo hili lote aliyekosewa ni mimi.

Lakini mimi si mtu wa kinyongo. Na njaa imeanza kuuma.

Nimevuka korido. Kulikuwa na wateja watatu, afadhali, wawe mashahidi. Milimita akasimamisha cherehani, akavua miwani. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikamtazama usoni, na nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa kinyozi: shemeji, nimekusamehe.

Ametoa mkono wake kwenye yangu taratibu. Halafu kavaa miwani na kurudi kwenye kazi yake.

Hata asante hakusema.